Kengele za upepo kwa bustani ya pwani: chunguza upepo kwanza, duka baadaye

Ukipita kwenye baraza za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utakuta kengele za upepo za namna mbili: zisizolia hata siku moja, na zinazolia mpaka wenye nyumba wamezifunga kamba zinyamaze. Kosa ni lilelile kwa zote. Zilichaguliwa ndani ya duka, mahali pasipo upepo, kwa rangi na umbo, kisha zikatundikwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchunguza upepo wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji hela. Kata kipande cha shifoni au mtandio mwepesi, upana sentimita 3, urefu nusu mita. Kifunge kwenye kijiti pale unapotaka kengele ikae, kimo cha mita 2 hivi kutoka chini. Kiangalie asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, kwa siku tatu au nne. Kikining'inia wima muda wote, hapo hapana upepo, na hata kengele ya bei kubwa itakaa kimya. Kikiinuka nusu alasiri na kutulia usiku, umepata mahali pake. Kikilala mlalo na kupigapiga saa baada ya saa, hapo kengele nyepesi itakuwa kero na kamba zake zitaisha mapema.

Nyumba nyingi za mjini zina uzio wa tofali wenye kimo cha mita 2 au zaidi, na watu hupenda kutundika kengele karibu na uzio, palipo na maua. Nyuma tu ya ukuta ndipo upepo unapokufa, au unajizungusha bila mwelekeo. Sogea kwenye kona ya nyumba, au kwenye ule mwanya kati ya nyumba na uzio ambapo upepo unabanwa na kuongeza kasi. Mara nyingi hatua tatu tu ndizo zinazotenganisha kengele hai na kengele bubu.

Kumbuka pia kwamba pwani upepo hugeuka. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ikitokea kaskazini mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, ikitokea kusini mashariki, na ndiyo yenye nguvu zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Baraza iliyotulia vizuri Januari kwa sababu nyumba inaikinga inaweza kuwa wazi kabisa Julai. Ukipima wakati wa kaskazi, jiulize ukuta upi utakukinga kusi itakapofika. Walio bara kwenye upepo mkali, kama Singida, wachukulie mwaka mzima kuwa ni msimu wa kusi.

Namna inavyolia

Kengele ya upepo ina vitu vinne vya maana: kisahani cha juu kinachobeba mirija, mirija yenyewe, kigongeo cha katikati, na chini kabisa kile kibao kinachokamata upepo. Kibao hicho hapa nakiita tanga, maana kazi yake ni ya tanga. Upepo wenyewe hauwezi kugonganisha mirija mizito. Unasukuma tanga, tanga linavuta uzi, uzi unayumbisha kigongeo, kigongeo kinagonga.

Tanga la sentimita 10 kwa 10 likipigwa na upepo wa mita 2 kwa sekunde hupata msukumo unaolingana na uzito wa gramu 2 na nusu hivi. Kasi ikipanda mara 3, yaani mita 6 kwa sekunde, msukumo unapanda mara 9, karibu gramu 22. Ndiyo maana kengele ileile inanyamaza kwa jirani mmoja na kupiga makelele kwa mwingine. Na ndiyo maana kubadilisha tanga ni tiba rahisi kuliko zote. Kengele isiyolia ivalishe tanga la sentimita 12 kwa 15 lililokatwa kwenye plastiki ya dumu la maji, ambalo ni jepesi. Tanga zito la mbao nene linajishikilia wima kwa uzito wake na kuumaliza upepo mdogo. Kengele inayopayuka ivalishe tanga la sentimita 6 kwa 8. Watu hutupa kengele nzima kwa sababu ya kipande hiki.

Sasa mirija. Chukua mrija wa alumini wa sentimita 50, ushike kwa vidole viwili kwenye ncha yake kabisa, ugonge katikati kwa mpini wa kijiko cha mbao. Utasikia tik, imekwisha. Sasa sogeza vidole mpaka sentimita 11.2 kutoka nchani, ushike kwa wepesi, ugonge palepale. Unalia, na unaendelea kulia. Mrija ukigongwa hupinda huku na huku: katikati na nchani hucheza sana, lakini sehemu mbili, kila moja ikiwa asilimia 22.4 ya urefu kutoka nchani, zinabaki tuli. Ukitoboa tundu la kamba hapo, kamba haiibi sauti. Ukitoboa kwingine, kila mtikisiko unamezwa na kamba.

Hiki ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani. Beba futi ya fundi cherehani. Pima urefu wa mrija, pima umbali wa tundu kutoka juu, gawanya. Ikitoka 0.22 au 0.23, aliyeitengeneza alijua anachofanya. Ikitoka 0.05, yaani tundu limewekwa juu kabisa kwa ajili ya sura, iache.

Kigongeo nacho kina mahali pake. Kigongeo kinapiga vizuri katikati ya mrija. Kengele nyingi za rahisi zina mirija iliyosawazishwa juu, mirefu na mifupi pamoja, na kigongeo kimeshushwa chini ili kipendeze. Chukua seti yenye mrija mrefu wa sentimita 60 na mfupi wa sentimita 46.3. Kigongeo kikikaa sentimita 36 kutoka juu, kwenye mrija mfupi kinagonga karibu kabisa na sehemu yake tuli ya chini. Mrija huo hautaimba kamwe, utabaki kugotagota. Mwenye duka atakuambia "huu ndio mlio wake". Sogeza kigongeo hadi sentimita 26 au 27, wote wanaimba.

Vipimo viwili zaidi dukani. Sumaku ndogo: isogeze kwenye mirija yenye rangi ya shaba au fedha. Ikinata, ni bati la chuma lililopakwa rangi, na pwani litashika kutu kuanzia ndani ya mrija, mahali usipopaona. Kisha gonga mrija mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole ukihesabu polepole. Mrija mzuri wa kati bado unasikika ukifika 10. Ukikatika kabla ya 3, hausaidiki.

Sauti ipi

Waliowahi kuimba kwaya kwa d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti) wataelewa haraka. Kengele za bustani zinapaswa kutumia d r m s l tu. Ukiondoa f na t, hakuna sauti mbili zinazobanana kwa nusu hatua kama m na f, kwa hiyo upepo ugonge mirija yoyote miwili kwa pamoja, itapatana. Upepo hauchagui, ni wewe uliyetakiwa kuchagua kabla. Gonga kila jozi ya mirija iliyo jirani. Jozi moja ikikukera dukani, itakukera zaidi saa 8 usiku.

Ukubwa nao ni sauti. Zile kengele ndogo za mirija ya milimita 12, urefu wa sentimita 15 hadi 20, hutoa takriban hezi (mitikisiko kwa sekunde) 1,750 hadi 3,100, zikiingia kwenye eneo ambalo sikio la binadamu ni kali zaidi. Hazina kelele nyingi, lakini zinachoma, na zinapenya hadi chumbani kwa jirani. Mrija wa milimita 25 wenye urefu wa sentimita 60 uko karibu na hezi 415, sauti ya mtu anayeimba bila kujikaza. Kwa bustani ya nyumba za karibu karibu, ningechagua mirija ya kati ya sentimita 45 na 65 bila kusita. Mikubwa ya mita moja na zaidi inataka eneo, na inataka upepo.

Ukinunua mtandaoni, jihadhari na urefu unaotajwa kwenye tangazo. Mara nyingi ni urefu wa kila kitu, kuanzia pete ya juu hadi ncha ya tanga. Kengele ya "inchi 36" inaweza kuwa na mrija mrefu wa sentimita 40 tu. Uliza mambo matatu kwa maandishi: urefu wa mrija mrefu kabisa, kipenyo chake, na unene wa ukuta wake. Chini ya milimita 1 mlio unakuwa mwepesi na mrija unabonyea safarini. Milimita 1.5 hadi 2 inatosha kabisa. Muuzaji asiyejua unene aliopewa na kiwanda anaweza angalau kukutajia uzito wa mzigo, nawe ukakisia.

Vifaa na chumvi

Pwani, alumini ndiyo mshindi. Haili kutu nyekundu, inalia kwa muda mrefu, ni nyepesi kutundika. Iwe imepakwa rangi ya kuoka au imetiwa rangi kiwandani kwa umeme. Alumini tupu huota unga mweupe kwa chumvi, na unga huo unakula kingo za matundu. Adui yake ni kukutanishwa na metali nyingine penye unyevu wa chumvi. Skrubu ya chuma au pete ya shaba ikigusana na alumini, alumini ndiyo inayoliwa, na shaba ni mbaya zaidi. Kwa hiyo tazama kisahani cha juu: kamba ipite kwenye mbao au plastiki, si kwenye kipete cha shaba kilichokandamizwa kwenye alumini.

Shaba nyekundu ina mlio wa joto, na kwa vipimo vilevile hutoa sauti ya chini kuliko alumini. Itageuka kahawia kisha kijani, jambo ambalo wengine wanalipenda. Tatizo lake mjini ni kwamba inauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo haifai kukaa karibu na geti.

Mianzi haiimbi, inagota: kok, kok. Ni sauti tulivu, inafaa penye upepo mwingi. Kabla ya kununua, igeuze juu chini uipige kiganjani. Ukitoka unga laini kama wa ngano, kuna fukusi ndani, na baada ya muda utabaki na maganda. Kioo usikipeleke mahali pa kusi. Na zile za makombe makubwa yenye kung'aa zinazouzwa ufukweni, ningekuomba uziache: makombe yenye mng'ao ule mara nyingi yamevunwa mnyama akiwa hai ndani yake.

Kumtengenezesha fundi

Madukani ukikosa yenye vipimo vizuri, fundi wa madirisha ya alumini anaweza kukukatia. Mwambie akupe bomba la mviringo la alumini, kipenyo milimita 25, ukuta milimita 1.5. Mabomba ya mapazia yasikudanganye. Mengi ni chuma chembamba kilichong'arishwa, tumia ile sumaku. Bomba la mita 6 linatoa seti mbili na mabaki ya kujaribia. Mirija yote ya seti moja itoke kwenye bomba moja. Unene ukitofautiana kidogo na nilioutaja, sauti zote zitapanda au kushuka pamoja na bado zitapatana. Ukichanganya mabomba mawili yenye unene tofauti, hazitapatana.

Vipimo vya d r m s l ni hivi: sentimita 60, 56.6, 53.5, 49 na 46.3. Matundu yatobolewe sentimita 13.4, 12.7, 12, 11 na 10.4 kutoka juu, kwa mfuatano huohuo. Mwambie fundi akate kila mrija ukiwa na ziada ya milimita 2 au 3, kisha amalizie kwa tupa. Kwenye mrija wa sentimita 50, kupunguza milimita 1 kunapandisha sauti kwa takriban asilimia 0.4, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nusu hatua. Kupandisha ni rahisi. Kushusha mrija uliokwisha kuwa mfupi hakuna namna. Ukihakiki kwa programu ya simu ya kupimia gitaa, gonga katikati kabisa kwa kitu laini kama soli ya kandambili. Ukigonga nchani kwa chuma, sauti za juu zitatawala na programu itakusomea noti isiyo yako.

Kutoboa ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Fundi anapenda kupitisha drili moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili, na biti inateleza ndani. Matundu yanapishana na mrija unaning'inia upande. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye mrija, ukate mahali unapokutana, uukunje katikati. Mkunjo ndio upande wa pili. Weka alama pande zote mbili, piga pointi kwa msumari, toboa kila upande peke yake kwa biti ya milimita 3. Kisha chukua biti kubwa ya milimita 8 uizungushe kwa mkono tu kwenye kingo za tundu, nje, na ndani tumia tupa nyembamba ya mviringo. Pitisha kidole. Kingo ikikwaruza ngozi, itakata kamba pia. Ukipata ganda la plastiki la waya wa umeme, vuta shaba yake itoke, ukate vipande vya sentimita 1 uvipachike kwenye matundu. Kamba itapita humo bila kusugua alumini.

Kisahani kiwe cha mninga au mtiki, kipenyo sentimita 16, unene wa milimita 15 hivi. Chora duara la kipenyo cha sentimita 12, weka alama tano zilizoachana sentimita 7. Kigongeo kiwe duara la mbao hiyohiyo, kipenyo sentimita 6, unene sentimita 2. Hapo kinabaki na nafasi ya chini kidogo ya sentimita 2 kufika kila mrija, na hakiwezi kuchomoka katikati ya mirija miwili, kwa kuwa uwazi wake ni sentimita 4.5. Kigongeo kikubwa zaidi kinagusa mirija muda wote na kuizuia kuimba. Kidogo zaidi kinataka dhoruba. Ukitaka mlio laini, zungushia ukingo wake utepe wa ngozi ya kiatu.

Kamba ni poliesta iliyosokotwa, milimita 1.5. Mshipi wa kuvulia unaonekana safi lakini jua la huku linaukausha mpaka unakatika kama tambi mbichi, na pamba inaoza. Ingiza kamba tundu moja, itoke la pili, ncha zote mbili zipande nje ya mrija hadi kwenye kisahani, uache angalau sentimita 5 kati ya kisahani na mrija mrefu. Mirija mifupi ishushwe kwa nusu ya tofauti ya urefu wake na ule mrefu: wa sentimita 49 unashuka sentimita 5.5. Kwa namna hiyo katikati zote zinakuwa mstari mmoja na kigongeo kinazipiga zote panapostahili. Choma ncha za kamba kwa kiberiti baada ya kufunga fundo.

Kutundika

Mirija hii mitano ina uzito wa gramu 800 hivi, na ukiongeza mbao unapita kilo moja. Ndoano iingie kwenye mbao ya paa au kwenye zege, kamwe si kwenye jipsamu. Acha nusu mita kutoka ukutani, na hakikisha hakuna tawi linalofika. Kati ya ndoano na pete ya juu weka kile kichuma cha wavuvi kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Bila hicho, upepo wa kuzunguka unapinda kamba za juu zinazobeba kisahani na kengele inakaa upande.

Kwa usiku, funga kitanzi cha utepe kwenye mrija mmoja, kiwe na urefu wa kutosha kuvuta kigongeo na kukibana. Dakika moja, jirani analala. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba kitanzi kipo, ili siku akichoka aseme "naomba uifunge leo" badala ya kukununia.

Kila mwezi imwagie maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, uiache ikauke yenyewe. Na mwishoni mwa Machi, kabla kusi haijashika, ishushe mezani. Vuta kila kamba kwa nguvu za mkono mmoja, tazama hasa pale inapopita kwenye tundu la mrija. Ukikuta moja imeanza kufumuka nyuzi, badilisha zote tano pamoja na ile ya kigongeo siku hiyohiyo, maana zimekaa juani muda uleule, na mrija wa kwanza ukianguka usiku wa upepo huigonga mingine na kuibonyeza.